Alhamisi, Saa Tisa na Nusu

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba kazi inanipeleka Buenos Aires, aliniomba kitu kimoja tu. Hakutaka jezi, hakutaka viatu. "Niletee picha ya uwanja wa River Plate," akasema. "Ule wa fainali ya '78. Simama nje upige mwenyewe, usinitolee Google."

Hiyo ilikuwa sentensi ndefu zaidi aliyokuwa ameniambia kwa miezi mingi. Nikamwahidi. Ningemwahidi hata nyasi za uwanja wenyewe.

Mimi huchora ramani za miji kwa kompyuta. Kazi si ya kusisimua, lakini mara moja moja hukutoa Umoja ikakupeleka mahali ambapo hujawahi hata kupaota. Novemba mwaka jana ilinipeleka kwenye mafunzo ya wiki moja. Nilibadilisha ndege Addis Ababa, nikalala, nikaamka, nikala, nikalala tena, na bado tulikuwa juu ya bahari. Nilipotoka uwanja wa ndege nikiwa na macho mekundu, kitu cha kwanza nilichokiona kikanichanganya: mijakaranda. Barabara nzima imefunikwa maua ya zambarau, magari yanayakanyaga, kama tu State House Road mwezi wa kumi. Sisi Nairobi tunajisifu kwa hiyo miti kana kwamba tulizaliwa nayo, kumbe kwao ni huku. Sisi ndio tuliletewa.

Basi nikatulia kidogo. Nikajiambia, mji wenye mijakaranda hauwezi kunila.

Jumatano mchana mafunzo yaliisha mapema, tukaenda kutembea. Nilikuwa na mwenzangu kutoka Msumbiji ambaye Kireno chake kilitusaidia kuelewa Kihispania cha watu, angalau nusu. Tulipanda treni ya chini kwa chini, laini A, iliyoanza kubeba watu mwaka wa 1913, tukashukia Plaza de Mayo. Hapo ndipo mji huo umewekea karibu historia yake yote, kama mtu anayeweka vitu vyake vyote vya maana ndani ya droo moja.

Upande mmoja kuna Cabildo, jengo jeupe la wakati wa Wahispania, ambalo baadhi ya matao yake yalibomolewa kupisha barabara. Hapo ndipo Mei 1810 watu walianza kumwambia mfalme wa Uhispania kwamba sasa inatosha. Upande wa pili kuna Casa Rosada, ikulu ya rangi ya waridi. Watalii huambiwa kwamba zamani rangi hiyo ilipatikana kwa kuchanganya chokaa na damu ya ng'ombe. Pembeni kuna kanisa kuu lenye nguzo kumi na mbili, ambamo amezikwa San Martín, jenerali wa uhuru, na ambamo Papa Francis aliongoza misa kabla dunia haijamjua, alipokuwa bado Askofu Mkuu Bergoglio. Katikati ya uwanja kuna mnara mdogo mweupe, Pirámide de Mayo, uliojengwa 1811. Si mkubwa. Ukiwa umezoea KICC utauliza, ndio huu tu?

Mwenzangu alinionyesha ukuta wa wizara ya uchumi. Jiwe lake limetobolewatobolewa. Tarehe 16 Juni 1955 ndege za jeshi la nchi hiyohiyo ziliangusha mabomu kwenye uwanja huu, mchana, zikitaka kumuua Rais Perón. Zaidi ya watu 300 walikufa, wengi wao wapita njia. Yale mashimo hayakuzibwa. Niliweka kidole kwenye moja, nikakitoa haraka kana kwamba jiwe lilikuwa la moto.

Kesho yake asubuhi nilienda makaburi ya Recoleta, maana kila mtu aliyefika Buenos Aires lazima aulizwe kama alimwona Evita. Kaburi lake liko kwenye kijia chembamba, jiwe jeusi, maua yamechomekwa mlangoni. Alikufa mwaka wa 1952 akiwa na miaka 33. Wanajeshi walipompindua mumewe mwaka wa 1955, waliiba maiti yake. Waliificha, kisha wakaenda kuizika Italia kwa jina la uongo, na hakurudishwa kwa mumewe hadi 1971. Katikati ya hayo yote walitunga sheria ya kukataza watu hata kutaja jina la Perón hadharani. Nilisimama pale nikiwaza: kumbe hata maiti inaweza kutoweshwa.

Na neno hilo ndilo nililokuwa nimelikimbia wiki nzima.

Acha nirudi nyuma kidogo.

Juni 2024 unaikumbuka. Kama ulikuwa Nairobi na una umri wangu, unaikumbuka kwenye koo, ile harufu. Mdogo wangu alikuwa barabarani tarehe 25. Alirudi nyumbani akichechemea, akicheka, shati limelowa. Tulidhani hayo yameisha. Majuma kadhaa baadaye, jioni, alitoka kwenda kununua mkate. Jirani aliona gari lisilo na namba likisimama, wanaume wanne wakishuka, na kijana wetu akiingizwa ndani huku ndala yake moja ikibaki barabarani. Mkate pia ulibaki barabarani.

Mama alivaa viatu usiku uleule. Tulizunguka vituo vya polisi vitatu. Kila mahali kitabu kilifunguliwa, kidole kikapita juu ya majina, kitabu kikafungwa. Siku ya tatu tukaenda mochari. Sitaeleza mochari. Siku ya nne Mama akaenda saiba akachapisha picha yake arobaini, ile ya graduesheni ya koleji, na chini yake namba yetu ya simu.

Siku ya tano mtu akanipigia. Sauti ya kiume, ya upole kabisa, kama ya mtu wa benki. Akasema tukitaka kijana arudi, tunyamaze. Hakuna mitandao, hakuna waandishi wa habari, hakuna picha ukutani. Kisha akakata.

Nilifanya nini? Nilichukua zile picha arobaini nikazificha juu ya kabati, nyuma ya sanduku kuukuu. Mama alitaka kwenda kusimama na wamama wengine waliokuwa wakiwatafuta watoto wao. Nikamwambia, "Mama, utamuua." Nilisema hivyo. Akaketi kwenye kiti cha jikoni, hakunijibu. Nadhani hakunijibu kwa mwaka mzima, ukitoa "umekula?" na "funga mlango."

Siku ya 23, usiku, mdogo wangu aliachwa kando ya barabara kuu akiwa na mia mbili mfukoni. Alirudi kwa matatu. Hakuwahi kusimulia. Alikuwa mtu wa kuongea hadi anachosha. Sasa anatazama mpira na sauti ameizima.

Mimi nilijipa moyo kwa hesabu moja: tulinyamaza, akarudi. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu watu zaidi ya 80 waliotekwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo, na si wote waliorudi. Wetu alirudi. Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Hiyo ndiyo hesabu niliyobeba hadi Argentina.

Alhamisi hiyohiyo, baada ya Recoleta, mwenzangu alinikumbusha kuwa saa tisa na nusu wale akina mama huzunguka. Nilitaka kurudi hotelini. Sikuwa na sababu ya maana ya kumpa, nikaenda.

Hadithi yao wengi tunaijua juujuu. Machi 24, 1976 jeshi lilichukua nchi, likaikalia hadi Desemba 1983. Vijana wakaanza kuchukuliwa: wanafunzi, wafanyakazi, walimu, wajawazito. Tume iliyoundwa baadaye iliandika majina 8,961 kwenye ripoti yake ya mwaka wa 1984. Mashirika ya haki za binadamu yanasema ni 30,000. Wazazi walizunguka vituo kama sisi. Vitabu vikafunguliwa, vikafungwa. Tarehe 30 Aprili 1977 wanawake 14 wakasema, basi tukutane mbele ya ikulu. Ilikuwa Jumamosi, uwanja mtupu, hakuna wa kuwaona, ndiyo maana baadaye wakahamia Alhamisi. Kusimama kwa kikundi kulikuwa kumepigwa marufuku. Polisi wakawaamuru: hakuna kusimama, tembeeni. Nao wakatembea. Walishikana mikono wawiliwawili wakauzunguka ule mnara mdogo mweupe, na hawajaacha hadi leo.

Ile skafu nyeupe kichwani ilianza kama nepi. Nepi ya kitambaa, ya mtoto. Walitaka kutambuana katikati ya umati wa mahujaji, mmoja akasema kila mama amehifadhi angalau nepi moja ya mwanawe. Leo hizo skafu zimechorwa kwenye sakafu ya uwanja, kuuzunguka mnara. Nilikuwa nimezikanyaga Jumatano bila kujua.

Mmoja wa waanzilishi, Azucena Villaflor, alikuwa akimtafuta mwanawe. Desemba 1977 yeye mwenyewe akachukuliwa. Ofisa mmoja wa jeshi la majini alikuwa amejipenyeza kati yao akijifanya ana ndugu aliyepotea. Walimtupa baharini kutoka kwenye ndege. Maji yakamrudisha ufukweni, akazikwa bila jina, na mwaka wa 2005 mifupa yake ikatambuliwa. Majivu yake yako chini ya ule mnara. Ule niliouona mdogo.

Waliobaki ni wachache mno sasa, wengine wanasukumwa kwenye viti vya magurudumu. Lakini nyuma yao kulikuwa na watu wa kila rika, hata wanafunzi wenye mabegi mgongoni. Mtu anasoma jina kwa kipaza sauti, watu wanajibu: *¡Presente!* Yupo. Jina lingine. Yupo. Nimezoea kuitikia majina darasani. Sikujua mtu anaweza kuitikiwa na watu mia akiwa hayupo kwa miaka karibu hamsini.

Nilijikuta natembea. Pembeni yangu alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, si mmoja wa akina mama, bali dada wa mtu. Picha ilining'inia shingoni mwake: kijana mwenye nywele ndefu na kola pana za miaka hiyo. Aliniuliza kama mimi ni Mbrazil. Kila mtu alikuwa akiniuliza hivyo. Nikasema Kenia. Akatikisa kichwa kana kwamba Kenia iko mtaa wa pili. Kisha akauliza kitu ambacho mwenzangu alikitafsiri polepole, bila kuniangalia.

"Anauliza, wewe unamtembelea nani hapa? Yaani unatembea kwa ajili ya nani?"

"Mwambie sina mtu," nikasema. "Napita tu."

Yule mama alinishika mkono juu ya kiwiko, akautikisa kidogo, akaendelea kutembea. Hakuniamini. Nami nilikuwa nimemkana mdogo wangu mchana kweupe, mbele ya ikulu ya watu wengine, bila hata sauti ya upole kunipigia simu.

Usiku ule nilikumbuka kitu ambacho ningepaswa kukifikiria mapema zaidi. Nyumbani tuna uwanja wetu. Mwisho wa Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, ile kona ya karibu na Kenyatta Avenue, wakagoma kula hadi wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa nao. Machi 3 polisi wakaja na virungu na moshi. Wangari alipigwa hadi akazirai, na baadhi ya wale kina mama wakavua nguo mbele ya askari. Kisha wakahamia kanisa la All Saints wakakaa karibu mwaka mzima. Wana wao walitoka. Hao hawakunyamaza, na wana wao walitoka. Nimepita Freedom Corner mara ngapi nikikimbilia matatu? Na hesabu yangu ilikuwa imewaacha wapi hao?

Jumamosi nikaenda kupiga picha niliyoombwa.

Kwenye ramani niliona kitu ambacho sikukitarajia. Kutoka uwanja wa River Plate hadi iliyokuwa shule ya ufundi ya jeshi la majini, inayoitwa ESMA, ni kama kilomita moja hivi. Sasa ESMA ni makumbusho, na 2023 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wakati ule ilikuwa jela ya siri. Karibu watu 5,000 walipitia humo, na waliotoka hai ni wachache sana.

Niliingia. Jengo lenyewe ni zuri, hilo ndilo linalokera: nguzo nyeupe, nyasi, miti. Maofisa walilala ghorofa za kati. Wafungwa walilazwa juu, darini, wamefunikwa vichwa, miguu ina minyororo. Yaani mtu alikuwa akishuka ngazi hizohizo kwenda kunywa chai. Kuna chumba ambamo wanawake walijifungulia, kisha watoto wakagawiwa familia nyingine. Akina bibi wa Plaza de Mayo wamekuwa wakiwatafuta wajukuu hao kwa vipimo vya damu, na hadi sasa wamewapata zaidi ya 130, watu wazima waliogundua kwamba jina lao si jina lao. Nje wameweka ndege moja, ndogo, ya kawaida. Ni miongoni mwa zile zilizokuwa zikitupa watu baharini. Iliuzwa Marekani baadaye, ikapatikana, ikarudishwa 2023.

Juni 25, 1978 Argentina iliichapa Uholanzi 3–1 katika fainali. Kempes alifunga mawili. Waliokuwa wamefungwa ESMA walisikia kelele za mashabiki.

Nilitembea hadi uwanjani. Nikasimama nje, nikapiga picha, kama nilivyoahidi.

Saa kumi na moja jioni, yaani saa tano usiku Nairobi, nilimpigia Mama. Alishika haraka, kama watu wa nyumba yetu wanavyoshika simu za usiku siku hizi.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama. Mama, zile picha. Nilizificha juu ya kabati."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Mimi ndiye hupanguza vumbi nyumba hii," akasema. "Ningezikosa aje?"

"Ulizipata?"

"Siku ileile. Wewe ukaenda kazini, mimi nikazitoa. Nikabandika sokoni, stejini, kanisani. Wamama wa chama wakabeba zingine. Nilienda hata kusimama na wale wengine, huko tao. Kwani ulidhani nilikaa tu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaogopa," akasema, bila ukali wowote. "Nilikuwa na watoto wawili wa kuangalia."

Sikupata la kusema. Mwaka mzima nilidhani amenikasirikia kwa kumnyamazisha, kumbe alikuwa akinificha asiniogopeshe. Sijui kilichomrudisha mdogo wangu ni kelele zake au ni nini. Najua hakikuwa kimya changu, maana kimya hakikuwepo.

"Yuko hapa," Mama akasema. "Ongea naye."

Nilikuwa nimeshamtumia picha. "Poa sana," akasema. "Hilo jengo la pili ni nini?"

Ningeweza kumwambia ni shule. Nusu yangu ilishafungua mdomo kusema hivyo. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia juu ya dari, vitambaa vichwani, na kwamba siku ya fainali walikuwa wanasikia mabao.

Alikaa kimya muda mrefu. Nilisikia saa ya ukutani ya sebuleni kwetu, kilomita zaidi ya elfu kumi.

"Mimi nilikuwa nasikia makanga," akasema.

Sikuvuta hata pumzi.

"Kila asubuhi. 'Tao hamsini, tao hamsini.' Nilikuwa najua ni saa kumi na mbili. Kuna mmoja alikuwa na sauti mbaya, kama ameng'oa jino. Nilimhesabu. Nikimsikia najua siku nyingine imeanza." Akacheka kidogo. "Nikimpata huyo makanga nitamnunulia chai."

Kisha Mama akamwambia akalale, naye akaenda.

Nimerudi sasa. Alhamisi iliyopita nilitoka ofisini mapema, nikashuka Freedom Corner na picha moja begini, ile ya graduesheni. Sikuitoa. Nilikaa tu kwenye nyasi hadi jioni, maua ya jakaranda yakianguka moja moja. Wiki ijayo Mama amesema atakuja. Amesema pia tuanze kumtafuta yule makanga.